Nilizipasua, Nikanyamaza

Binti yangu ni profesa wa falsafa. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi sikulisema hivyo. Alipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam niliwaambia watu wa kijiweni Chikongola, hapa Mtwara mjini, kwamba anasoma sheria. Sheria mtu anaielewa. Ukigombania mpaka wa shamba na jirani, unaye mtu wako. Alipokuja likizo akaniambia kwamba sheria hajawahi kuisoma hata siku moja, anasoma falsafa, nilimwuliza hiyo falsafa inavunwa mwezi gani. Akacheka. Mimi sikucheka. Niliacha shule darasa la tatu nikabeba magunia, nikapanda mikorosho yangu kwa mkono wangu, nikajenga nyumba ya tofali mtaa wa Ufukoni bila mjomba wala serikali. Halafu mtoto aende kusomea maneno?

Ukweli ulipofika kijiweni walinishughulikia.

"Kwa hiyo anafundisha watu kufikiri," alisema mwenzangu mmoja, muuza chumvi. "Sasa sisi siku zote tulikuwa tunafikiria kwa magoti?"

Nikamjibu kwamba yeye, ndiyo. Lakini iliniuma.

Binti yangu hakuona haya. Alinieleza siku moja, akiwa amekaa jikoni na mama yake anamenya mihogo, kwamba kazi yake ina maswali mawili tu. La kwanza: unajuaje kwamba unachodai kukijua unakijua kweli? La pili: ukishakijua, unapaswa kufanya nini? La pili ndilo maadili. La kwanza linaitwa epistemolojia, neno ambalo nililifanyia mazoezi wiki nzima ili niwanyamazishe wale wa kijiweni. Baadaye akaenda Ulaya, akarudi na shahada ya udaktari, akafundisha, akaandika. Aliandika zaidi juu ya jambo moja, kwamba kuna watu ambao neno lao huaminiwa kabla hawajamaliza kulisema, na kuna wengine ambao hata wakiapa haliaminiki. Nilimwambia hilo kila mtu analijua. Akasema, "Kila mtu analijua, baba, lakini angalia nani analifanyia kazi."

Alipopewa uprofesa chuo kilimwandalia mhadhara. Alinitumia tiketi ya ndege, mimi na mama yake. Nilivaa kanzu mpya na koti. Ukumbi ulijaa watu wenye miwani, na mhadhara ulikuwa wa Kiingereza, kwa hiyo nilikaa wima nikitikisa kichwa wengine walipotikisa. Karibu na mwisho akaacha Kiingereza, akageukia safu ya mbele niliyokaa.

Alisema baba yake alikuwa mkaguzi wa korosho katika chama cha msingi cha kijiji. Kazi yake ilikuwa kusema korosho hizi daraja la kwanza, hizi la pili, hizi zirudi nyumbani. Alisema alipokuwa na miaka minane alimkuta baba huyo uani, baada ya alasiri, ametoa korosho mfukoni anazipasua moja moja kwa kisu, peke yake, bila mtu wa kumsimamia. Alimwuliza anafanya nini, baba akajibu kwamba anahakikisha kama alichosema mchana ni kweli. "Falsafa yangu yote," akasema, "imetoka uani pale."

Watu wakasimama wakapiga makofi. Mtu mmoja mwenye mvi akaja kunishika mkono kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilitazama viatu vyangu. Tukio lile ni la kweli, na maneno yale niliyasema. Lakini sasa nieleze korosho zile zilikuwa za nani.

Zilikuwa za mjane mmoja wa kijijini kwetu, upande wa Naliendele, kabla sijahamia mjini. Alikuwa na miti michache aliyoachiwa na mumewe. Msimu ule alileta kwenye ghala la chama magunia manne yaliyojaa. Utaratibu wetu ulikuwa huu: mkaguzi anachota konzi juu ya gunia, katikati na chini, anatandika mkeka, anazipasua mbele ya mwenye mali na wote waliopo. Kiini kikiwa cheupe na kimejaa, zinapita. Kikiwa kimesinyaa na rangi ya majani makavu, ni korosho za mwaka jana, na aliyezichanganya anaaibika palepale. Ndiyo maana kisu kinatumika hadharani. Kisu hakina shemeji.

Lakini mimi nilikuwa na sifa yangu. Nilikuwa nazitikisa korosho kwenye viganja viwili karibu na sikio, nasema hizi nzima, hizi kuukuu, na nilikuwa napatia mara nyingi mno. Vijana waliniita Sikio. Nililipenda jina hilo kuliko nililopewa na baba yangu. Polepole nikaanza kukiacha kisu mfukoni.

Siku ile nilizitikisa za yule mama nikasema zimechanganywa na za mwaka jana. Nikisema kweli yangu, sikuwa nimesikia kitu. Nilikuwa nimeshaamua nilipoona magunia manne. Mjane mwenye miti michache, azipate wapi? Akanieleza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba alihudhuria mafunzo ya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele na akapuliza salfa, dawa ya ukungu, mwenyewe, mara zote walizoelekeza, alfajiri kabla umande haujakauka. Wanaume tuliokuwepo tulicheka. Mafunzo yale mimi niliyadharau, sikwenda. Mwanamke apulize salfa, na mimi miti yangu imeungua kwa ukungu?

Akasema, "Basi pasua, kaka. Mkeka huo, kisu unacho."

Nikamwambia mkono wangu hauhitaji kisu kwa mwizi.

Nililitamka neno hilo, na watu walikuwa wengi. Alifunga magunia yake mwenyewe. Nilisikia baadaye kwamba aliishia kuuza kwa kangomba, wale wanunuzi wa kificho wanaopima kwa kikopo na kununua kwa bei ya kutupa. Misimu iliyofuata kila alipofika ghalani, gunia lake lilimwagwa lote chini kabla ya mengine. Mwisho akaacha kuja.

Konzi yake ilikuwa imebaki mfukoni mwangu. Nilipofika nyumbani ndipo nikakaa uani na kisu. Zilikuwa kumi na moja. Nilipopasua ya kwanza ikatoka nyeupe nilisema bahati. Ya tano nikaacha kusema. Zote kumi na moja zilikuwa nyeupe, zimejaa ganda, nzuri kuliko zangu. Mafuta ya maganda yaliniunguza vidole na sikunawa. Ndipo mtoto akaniuliza nafanya nini.

Ningeweza kurudi ghalani kesho yake. Sikurudi. Nilijiambia msimu ni mrefu, nitatafuta siku. Kisha nikajiambia limepita. Binadamu akitaka kunyamaza hakosi sababu, na mimi niliye fundi wa kazi zangu zote, hiyo nayo niliifanya vizuri.

Baada ya mhadhara niliendelea kunyamaza tena, miezi miwili. Kijiweni waliiona video kwenye simu. Muuza chumvi, ambaye hajawahi kunisifu, alininunulia kahawa. Kisha binti yangu akaja Mtwara na karatasi mkononi. Alikuwa anaandika kitabu na kisa kile ndicho kinachokifungua. Alitaka anisomee kwa Kiswahili, kama kuna kosa nirekebishe, na nimpe ruhusa. Alisoma vizuri. Alipomaliza akauliza, "Nimekosea wapi, baba?"

Nikamwambia. Nilimwambia huku natazama ukuta, na nilimwambia yote, hadi neno mwizi.

Nilitegemea alie au apige kelele, lakini hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniuliza kama wakili niliyemtangaza zamani.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mbovu?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Akazikunja zile karatasi. "Wanafunzi wangu wote nimewafundisha kwa mfano wa mtu aliyekuwa anautafuta ukweli," alisema. "Kumbe alikuwa ameupata, akaufukia." Kisha akauliza kama yule mama yu hai.

Yu hai. Anaishi kwa mwanawe, kule karibu na mdomo wa Ruvuma, wanalima mpunga. Nilimwambia binti yangu aende yeye, ana maneno mazuri. Akasema maneno yake hayakumwita mtu mwizi. Tulikwenda wote, barabara ya mchanga mpaka mikoko inapoanza.

Mama yule amezeeka vizuri kuliko mimi. Alitukaribisha ndani, akatuletea maji, akaniacha nimalize. Nilipofika kwenye zile kumi na moja nyeupe, akasema, "Hizo nazijua."

Sikuelewa.

"Mwanao huyu," akamwelekezea binti yangu kidevu, "alimsimulia mtoto wangu wa kike kwenye chuo cha Kurani, wiki ileile. Kwamba baba kapasua korosho kumi na moja na zote nzuri. Alikuwa anajisifia hesabu. Kwa hiyo nilijua, na nilijua kwamba wewe unajua. Nikawa nakungoja."

Binti yangu alisema hakumbuki kabisa. Nilimwona anashika paji la uso.

"Neno la mtoto wa miaka minane mimi lilinitosha," mama yule akaniambia. "La kwangu, mtu mzima, na magunia yangu mbele yako, halikukutosha."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ameisikia, lakini nimeileta pasipo pake, kwa sababu hapa sebuleni kwake sikumtukana. Nilimtukana ghalani. Nikamwambia waliokuwepo wengi wamekufa. Akasema, "Basi waambie waliobaki. Na uwaambie nilisema pasua."

Kwa hiyo nilikwenda kwenye mkutano mkuu wa chama, ndani ya ghala lilelile, limeezekwa upya tu. Katibu ni kijana wa kike, mjukuu wa rafiki yangu. Nilipomwambia nina neno akaniuliza kwa adabu kama liko kwenye ajenda. Haliko. Akasema basi litaingia kwenye mengineyo, baada ya suala la magunia na dawa. Nilingoja muda wa saa tatu, mimi ambaye zamani mkutano haukuanza bila mimi. Binti yangu alikaa na wanawake nyuma. Yule mama hakuja. Alisema ana mpunga wa kupepeta, na hiyo safari si yake.

Nilisimama nikasema. Vijana hawakujua ninamzungumzia nani. Wazee wawili au watatu walijua, na mmoja akatoka nje kana kwamba anakwenda kutema mate, hakurudi. Nilisema alisema pasua, sikupasua. Nilisema nilipasua nyumbani, nikajua, nikanyamaza. Nikakaa. Mwenyekiti akanishukuru kwa hekima na kuomba watu wanipigie makofi, na wakapiga.

Macho yangu hayasomi vizuri, na hata yangesoma, darasa la tatu ni darasa la tatu. Nilimfuata katibu mezani nikamwomba anisomee alichoandika. Akasita, kisha akasoma: "Mzee amewaasa wakaguzi kupasua korosho mbele ya mkulima, kwa kuzingatia uzoefu wake wa muda mrefu."

Nikamwambia afute.

"Babu, nimekuheshimu tu," alisema.

Nikamwambia najua, na heshima hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Binti yangu alikuwa amefika mezani, akasimama pembeni. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya yule kijana, nikamtajia neno kwa neno, taratibu, kama mtu anayesomesha: mzee alimsingizia mama huyo wizi, alijua siku hiyohiyo kwamba si kweli, hakusema. Kila alipoinua kalamu nilimwuliza ameandika nini.