Simu Yangu kwa Daktari wa Redio

Kipindupindu kilipoingia mtaa wetu wa Kimumu, mimi ndiye niliyezunguka ploti yetu ya wapangaji nikihubiri: "Wacheni uvumi wa WhatsApp! Chemsheni maji na msikize daktari kwa redio." Mwenyewe, kwa uvivu, nikanywa maji ya kisima hivyo hivyo.

Jana tumbo likachafuka. Niliona haya kumwambia jirani, kwa hivyo nikapigia redio kwa jina la uongo, huku nimebana pua: "Daktari, naitwa Juma wa Moi's Bridge. Naharisha tangu asubuhi."

"Kunywa maji ya chumvi na sukari, uende kliniki sasa hivi."

Sijaweka simu chini, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yangu Mama Wanjiru, jagi mkononi, na ploti nzima nyuma yake.

"Juma wa Moi's Bridge, fungua! Maji tumechanganya, boda inangoja. Redio tulikuwa tunasikiza sote, vile ulituambia."