Kitabu cha Saba cha Mzee Lin

Ukipita Kisaju ukamkuta mama anayeuza njugu bila kukutazama usoni, usidhani ana kiburi. Huyo ni Wahu, na anaitazama mikono yake, maana haiamini tena.

Kabla ya njugu, Wahu alikuwa mpishi katika kambi ya Wachina waliojenga barabara. Mpimaji wao, mzee Lin, alipenda ugali, lakini hadithi aliipenda zaidi. Alikuwa na vijitabu sita vya karatasi duni, vilivyochapishwa kwao wakati wa vita, Wajapani walipokuwa wameteka miji. Vilikuwa vya bei ya chini, vya kusomwa na watu wenye njaa na hofu. Kila jioni baada ya chakula alimsimulia Wahu sura moja kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Ilikuwa hadithi ya mwanamke fundi cherehani aliyeshonea maofisa wa adui makoti, na ndani ya bitana akaficha barua za wapiganaji. Lin alikuwa mtundu kweli. Alikatiza pale panapochoma, akafunga kitabu, akasema, "Kesho, Mama." Wahu alimtukana, naye akacheka mpaka akakohoa.

Cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, Lin alikitafuta maisha yake yote, akakipata uzeeni, na alikuwa hajakisoma. Alitaka wafike pamoja. Walipomaliza cha sita, ofisa alikuwa ameingia dukani kwa fundi na koti lililopasuliwa bitana, akalitupa mezani. Wiki hiyo Lin akaenda kwao kwa sherehe za mwaka mpya, akamwachia Wahu kile cha saba kiwe ahadi kwamba atarudi. Korona ikafunga dunia. Kambi ikavunjwa, Wahu akaanza kukaanga njugu.

Plastiki zilishapigwa marufuku, kwa hiyo njugu hufungwa kwa karatasi. Wahu hununua madaftari ya zamani ya watoto wa shule, katoni kwa katoni, na kitabu cha Lin alikihifadhi kwenye katoni moja chini ya kitanda. Miaka ikapita kikiwa salama. Wiki iliyopita, siku ya mnada wa mifugo Kajiado, alichelewa kuamka akabeba katoni ya kwanza aliyoigusa. Haraka haraka haina baraka. Wateja walimzonga, macho yake hayaoni vizuri karibu, akawa anararua na kukunja, anararua na kukunja.

Siku tatu baadaye Roy, aliyekuwa mkalimani wa kambi, alifika kutoka Kitengela.

"Mathe, mzee Lin amelazwa. Mpwa wake amenipigia. Daktari anasema ni siku tu zimebaki. Anaomba upige picha zile page zote, asomewe."

Wahu alikimbilia katoni. Alikuta jalada peke yake. Akaketi sakafuni akalia kama aliyefiwa, na Roy hakujua aweke wapi uso wake.

Asubuhi walikwenda Kajiado, Wahu akamsimamisha kila mtu sokoni. Watu walimcheka. Karatasi ya njugu, nani huiweka? Alikuwa amekata tamaa kabisa wakati Nick, mchuuzi wa mbuzi, alipotoa moja mfukoni mwa koti, imelowa mafuta.

"Sopa, yeyo," akamsalimu kwa Kimaasai. "Hii niliiweka kwa sababu ya picha. Huyu msichana ni mrembo, si ni kweli?"

Wahu alimshika mikono yote miwili akamshukuru Mungu kwa sauti. Roy akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Sema, Roy."

"Ni tangazo, Mathe. Ya dawa ya kikohozi."

Wahu aliikunja karatasi taratibu. "Mpigie. Nitaongea na yeye mwenyewe."

Kwenye simu ya video Lin alikuwa amebaki macho tu. "Mama," akasema kwa shida. "Yule fundi. Amekufa?"

Wahu si mwongo. Lakini vitabu sita vilikuwa vimemfunza kazi. Akaanza: fundi aliliangalia koti wala hakutetemeka. Alimwambia ofisa, "Hii si kazi yangu. Mimi hushona kwa uzi mweusi." Ofisa akainama auone uzi. Mkono wa fundi ukashuka polepole kwenye droo ya mikasi.

Lin alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Wahu aliona uhai umerudi usoni mwake, akajiambia kwamba mtu anayengoja hadithi hafi. Akakatiza hapo hapo.

"Kesho, Mzee."

Lin alicheka mpaka akakohoa.

Kesho yake saa tatu Roy alifika kibandani, simu ikiwa mfukoni.

"Ameenda alfajiri," akasema. "Mpwa wake anasema aliuliza mara mbili kama Kisaju kumekucha."

Wahu aliendelea kukunja karatasi. Mwisho alikuwa nao tangu jana, wote: fundi anatoroka, vita vinaisha, anafungua duka lake na kuzeeka humo. Kuusema kungechukua dakika mbili.