Nyumba Iliyokatazwa Kiha

Juzi nilimpeleka mjukuu kliniki Gungu, na masikio yangu mnayajua. Mbele yetu alikaa mama kijana wa Kalinzi, amempakata mtoto wa miaka miwili na nusu.

"Anasema maneno gani?" nesi akauliza.

"Hasemi."

"Wewe unaongea naye?"

Mama akavuta kitenge. "Baba yake kakataza Kiha, ati kitamharibia shule. Na Kiswahili mimi nakijua kidogo."

"Sasa nyumbani mnaongea nini?"

"Tunanyamaza."

Yule mama alipotoka nje nikamchokoza kwa Kiha, nikamuuliza habari za mama mkwe wake. Jamani! Alimwaga yote, anacheka, anajipiga paja. Mtoto akamkodolea macho kama amepewa mama mwingine.

Mara mume akafika na pikipiki. Mama akanyamaza katikati ya neno. Mtoto akamgusa midomo kwa kidole, akangoja. Wakapanda, wakaondoka.

Sisi watoto wetu walijifunzia kusema kwenye umbeya wa jikoni. Huyu anatunziwa shule, na atafika darasani bila hata neno la kuomba kwenda chooni.