Rudisha Nusu ya Shamba

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, enzi za ujana wangu. Usicheke. Najua wewe uko Kidato cha Kwanza na mimi niko cha Tatu, lakini shule ya kutwa inazeesha, na magoti yangu yanaweza kutoa ushahidi. Nimesikia unataka kuchukua kipande kule kando ya bwawa la mchanga, ule ukuta wa mtoni unaohifadhi maji ndani ya mchanga. Kaa chini kwanza.

Mwaka jana mama alipata kazi ya kushona nguo kule viwanda vya EPZ, Athi River, akawa anakuja nyumbani Mwala mwisho wa mwezi tu. Kile kipande chetu alikuwa amekisubiri miaka. Kamati ya bwawa hugawa ardhi ya karibu na maji kwa foleni, na sheria yao haina huruma: kipande kikijaa magugu, kinapewa anayefuata. Siku mama anaondoka nikamwambia, "Enda tu, mama. Shamba niachie mimi." Sauti yangu ilitoka nzito, mpaka mimi mwenyewe nikaiamini.

Muda niliokuwa nao ni ule wa kati ya kengele ya mwisho na giza. Basi nikajiona mjanja, nikaita mwethya. Unaujua mwethya wetu: watu wanakuja na majembe, wanakulimia, wewe unawapikia. Susu, nyanya yangu, akachemsha sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, wenzangu wa darasani wakaja, na kabla jua halijafika utosini kipande kizima kilikuwa kimelimwa. Nilisimama katikati, mikono kiunoni, kama waziri wa kilimo. Nikapanda sukuma wiki mwanzo hadi mwisho.

Nilichosahau, mwanangu, ni kwamba mwethya hurudishwa. Jumatatu Mutua, mmoja wa walionilimia, akanishika langoni mwa shule. "Jumamosi ni kwetu, usichelewe." Mbithe, naye alikuwa amelima, akasema inayofuata ni kwao, tena kwao kuna mawe. Kufikia jioni Jumamosi zangu za muhula mzima zilikuwa na wenyewe. Mtu asiye na muda alikuwa amekopa muda wa darasa.

Na ule udongo laini ulipoonja mvua tu, magugu yakafurahi kuliko sukuma.

Jioni moja mwenyekiti wa kamati, Mama Mwikali, akanikuta pale na sare ya shule, nang'oa huku na kule kama kuku.

"Kyalo, hapa umepanda nini?"

"Sukuma, mama."

"Na hizi ndefu?"

"Hizo zilijileta."

Hakucheka. Akaniambia kamati inapita Jumapili baada ya ibada, na kwamba kuna mama wa watoto watano anayesubiri kipande. Nilimwona mama akishuka stejini Mwala na kuambiwa shamba si lake tena, kwa sababu ya sauti yangu nzito.

"Sema ukweli," akaendelea. "Kwa siku uko na muda gani?"

"Saa moja. Mwalimu wa hesabu akituachilia."

"Sasa mbona umechukua shamba la mtu aliyestaafu? Nirudishie hii nusu ya juu. Nitaweka kunde magugu yasirudi, mpaka mamako apate nafasi. Wewe baki na ya huku chini, karibu na maji."

"Mama ataniua."

"Akikuta nusu safi hatakuua. Akikuta msitu, hata kaburi lako litakosa pahali pa kuchimbwa."

Niliumia kurudisha, nisikudanganye. Lakini kutoka siku hiyo nilipitia shambani kabla ya kufika nyumbani, maana nikifika nyumbani nakalia kiti, na kiti cha nyumbani hakiachilii mtu. Namwagilia, napalilia mstari mmoja, natandaza nyasi kavu, naenda. Jumapili kamati ilipita, ikaona nusu safi, ikaitikia kwa kichwa. Jumamosi zangu nililipa zote. Kwa akina Mbithe mawe yananijua kwa jina.

Mama alipokuja, nilimweleza yote kabla hajauliza. Aliikagua ile nusu yetu mstari kwa mstari. Kisha akavua viatu vya safari, akaenda kwa Mama Mwikali kumshika mkono, na aliporudi Athi River alibeba mfuko wa sukuma wa kugawia wenzake kiwandani. Mimi nami namshukuru yule mwenyekiti hadi leo, ingawa nikimwona kwa njia bado nakagua kama nimechomekea shati.

Kwa hivyo mwanangu, chukua kipande kidogo kuliko hamu yako. Kiwe njiani, mahali miguu inapita hata ukichoka. Usiite watu wengi kuliko siku ulizo nazo za kuwarudishia. Na ukizidiwa, sema mapema, ukiwa bado na kitu cha kurudisha.

Mungu akupe mvua ya kiasi, mbuzi wa jirani waliofungwa vizuri, na mtu wa kukwambia ukweli kabla ya Jumapili. Haya, enda darasani. Kengele imelia kitambo.