Tangi la Samaki wa Ikola

Pale Mpanda mjini, ukiuliza fundi wa madirisha ya aluminiamu ambaye hakati kioo mara mbili, utaelekezwa kwa Wilbert. Karakana yake iko njia ya kwenda Kasokola, na ukifika utamkuta mtu mrefu, mpole, mwenye alama za vioo kwenye vidole vyote. Alitoka Ikola, mwambao wa Tanganyika, akiwa na miaka kumi na tisa, akajiapiza kwamba hatanuka samaki tena maisha yake yote. Na kweli hakurudi, isipokuwa kwa msiba na Krismasi. Alijenga nyumba ya tofali za kuchoma mtaa wa Misunkumilo, akamwoa Tereza, binti wa wakulima wa hapo hapo, wakapata watoto, wa kwanza Osward, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyemsikia akilitaja ziwa.

Kisha ziwa likapanda. Lilipanda taratibu, kama mgeni asiyetaka ijulikane kwamba ana njaa. Lilikula mchanga, likala migomba, msimu uliofuata likafika kwenye kizingiti cha mama yake, Klementina. Dada yake Wema alipiga simu asubuhi moja: "Kaka, leo mama amepika amesimama majini."

Wilbert alikodi gari siku hiyo hiyo. Wema na mumewe Elisha walikuwa wanahamia juu, kwenye mteremko wa mlima, na walitaka mama akae nao. Wilbert alikataa. Yeye ndiye mtoto wa kwanza; ana nyumba yenye umeme, ana bomba la maji uani. Watu wangesemaje? Mama mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Alipakiwa garini na godoro lake, sufuria zake, picha ya Bikira Maria, na kasia la marehemu mume wake, ambalo Misunkumilo lisingekuwa na kazi yoyote.

Tereza alimpokea vizuri. Alimpa chumba chenye dirisha kubwa, akamsongea ugali laini, akamnunulia sokoni migebuka, samaki wa ziwani kwao. Klementina alishukuru kwa kila kitu. Lakini kila siku, jua likianza kuteremka, alikuwa anabeba stuli yake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba akitazama magharibi, ambako hakukuwa na kitu ila shamba la mahindi la jirani na antena ya simu.

"Mama, unaangalia nini?" Wilbert alimuuliza siku moja.

"Siangalii. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Ndiyo hivyo, baba. Hakuna kitu." Klementina alikuwa akimwita baba kwa sababu Wilbert alipewa jina la babu yake, baba mzazi wa Klementina. "Hapa kwenu upepo hauna harufu. Unapita tu kama mtu asiyesalimia."

Maneno hayo yalimwingia Wilbert kama kipande cha kioo, kile kidogo ambacho hukioni lakini kila ukigusa kinakuchoma.

Pale karakanani alikuwa na vioo vizito vya milimita kumi, vilivyobaki baada ya mwenye duka moja kubadili mawazo juu ya mlango wake. Wiki nzima alivizunguka akivitazama. Mwishowe akavikata, akaviunganisha kwa silikoni, akatengeneza tangi refu kuliko kitanda cha mtoto. Walilibeba wanaume wanne hadi sebuleni, likawekwa juu ya meza ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Akampigia Elisha: "Shemeji, nitafutie wale samaki wa mawe. Weusi, wenye mshipi wa njano tumboni. Hai."

"Hai? Wa nini? Wale hata mchuzi hawatoshi."

"Nitafutie tu."

Samaki kumi na wanne walisafiri kwenye ndoo nusu siku nzima, Wilbert akiwa amekaa nyuma ya gari akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ili yapate hewa. Walipotiwa kwenye tangi, Klementina alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Kwa mara ya kwanza tangu afike Misunkumilo, alicheka kwa sauti.

"Hawa wachokozi! Tulipokuwa tunaosha vyombo walikuwa wanatung'ata vidole."

Raha hiyo haikumaliza wiki mbili. Maji yalianza kuwa na ukungu. Samaki wakawa wanapanda juu wakihema, midomo wazi. Akafa mmoja, wakafa wawili, wakafa watatu. Wilbert alibadilisha maji, akaongeza mashine ndogo ya kupuliza mapovu, akabadilisha tena. Klementina aliwatoa wafu kwa mikono yake na kuwafukia chini ya mgomba. Alipobaki samaki mmoja tu ndipo aliposema.

"Baba, hawa wanakunywa mkojo wao. Ziwa halikai. Linatembea. Wewe umewafunga kwenye beseni."

Hakukuwa na ubishi hapo. Wilbert alimrudisha yule mmoja Ikola kwa gari la kwanza, akabaki na tangi tupu na aibu. Alianza kutazama video kwenye simu, za watu wa nchi za mbali wanaofuga samaki majumbani. Lugha zao hakuzielewa, akazima sauti akawa anatazama mikono tu. Mikono ya fundi inaeleweka popote. Aliona kwamba tangi zuri lina mwenzake: tangi la pili, lililofichwa chini ya meza, ambalo wanaliita sampu. Maji machafu yanashuka huko kwa uzito wake yenyewe, yanapita chumba baada ya chumba yakisafishwa, kisha pampu inayarudisha juu. Usiku na mchana, hayakai. Yanatembea, kama alivyosema mama.

Kazi ngumu ilikuwa kutoboa tundu. Tangi lilikwisha kujengwa, na kioo kinachotobolewa vibaya hupasuka chote. Kama kingekuwa kioo kile kilichochomwa kiwandani ili kiwe kigumu, asingethubutu kukigusa. Alifunga kwenye drili keekee ya duara yenye makali ya almasi, akamwomba Tereza amwagie maji tone kwa tone, akaanza kusaga taratibu bila kukandamiza.

"Baba Osward, hupumui," Tereza alisema.

"Nikipumua kitapasuka."

Hakikupasuka. Kiduara cha kioo kilidondoka ndani kama sarafu, na Klementina, aliyekuwa mlangoni na rozari mkononi, akasema, "Amina."

Tangi la chini alilikata vyumba vitatu kwa vipande vya vioo. Chumba cha kwanza alikijaza vipande vya godoro, vizuie uchafu. Cha pili alikijaza matofali ya kuchoma yaliyopondwapondwa na vigae vya vyungu, maana kwenye vitundu vyake, kama mwanawe Osward alivyomtafsiria maandishi ya video, ndimo vinamoishi vijidudu visivyoonekana, vinavyokula sumu ya mkojo wa samaki. Cha tatu aliacha wazi, akaweka pampu. Kutoka hapo bomba la plastiki lilipanda nyuma ya meza, likaingia tangi la juu, na mdomo wake akauteremsha karibu na mchanga ili uchafu usitulie. Akawasha.

Maji yakapanda. Yakajaa mpaka kwenye tundu, yakaanguka chini kwa mlio mwororo usiokatika.

Klementina alikuwa jikoni anachambua mchele. Ungo ulimtulia mkononi. Alikuja sebuleni polepole, akakaa kwenye kochi, akafumba macho.

"Usiuzime mlio huo," alisema.

Maandishi ya video yalionya pia kwamba vijidudu vinahitaji wiki nyingi kuzaliana, kwa hiyo Wilbert aliwatia samaki wawili tu kwanza, akangoja zaidi ya mwezi. Kisha Elisha akatuma wengine kumi. Hawakufa. Mawe yakaota utelezi wa kijani, wakawa wanautafuna kutwa kama mbuzi, wakifukuzana kwenye mianya. Stuli ya nyuma ya nyumba ilihamia mbele ya tangi. Klementina alianza kusimulia: jinsi mume wake alivyojua mawimbi ya kusini kwa harufu, jinsi akina mama wa Kiislamu na wa Kikristo walivyoanika dagaa kwenye mchanga mmoja na kugombana kwa sababu ya kuku mmoja. Wilbert alikuwa anafunga karakana mapema awahi kusikia. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya mama. Lakini Tereza alimwona mara kadhaa amesimama peke yake mbele ya kioo, mama akiwa amelala mchana, mkono wake uko ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, samaki wakimdonoa vidole.

Jumapili moja Wilbert na Tereza walikwenda kanisani, mama akabaki kwa sababu ya miguu. Wakiwa ibadani umeme ulikatika. Waliporudi, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango.

Wilbert alisukuma mlango. Sebule yote ilikuwa ziwa la kina cha vidole viwili. Viatu vinaelea, zulia limevimba, na mama yake yuko juu ya kochi, amesimama na kasia la mume wake mkononi, amekumbatia picha ya Bikira Maria.

"Limenifuata," alisema. "Wilbert, limenifuata mpaka huku."

Hakumwita baba. Alimwita Wilbert. Mwana alimbeba mama yake mgongoni, akampeleka kitandani, na akaona jinsi alivyokuwa mwepesi.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Pampu ilipozimika, bomba la kurudisha maji liligeuka mrija: kwa kuwa mdomo wake ulikuwa chini kabisa, lilinyonya maji ya tangi la juu na kuyateremsha yote kwenye tangi la chini, ambalo halikuwa na nafasi ya kuyapokea. Samaki walinusurika kwenye maji machache yaliyobaki juu ya mchanga. Wilbert alitoboa kitundu kwenye bomba, karibu kabisa na uso wa maji, ili maji yakishuka kidogo tu bomba linyonye hewa na kuacha. Akapunguza maji ya chini, akachora mstari wa kutovuka. Kisha akazima umeme makusudi mara tano, kila mara akipiga magoti na kutazama. Maji yalishuka vidole vitatu, yakasimama. Hakuna tone lililoanguka sakafuni.

"Mama, njoo uone. Haitatokea tena."

Klementina alikuja mpaka mlangoni. Alitazama, akatikisa kichwa kwa heshima kama anavyosifiwa fundi. "Umeweza, baba. Una akili ya babu yako." Lakini hakukaa.

Siku ya tatu alimwita chumbani. Godoro lilikwisha kufungwa kamba.

"Nirudishe Ikola."

"Mama, nyumba haipo. Samaki wanalala jikoni kwako sasa hivi."

"Nyumba haipo, ziwa lipo. Wema yupo."

"Lakini lilikufukuza! Jumapili uliliogopa hadi ukapanda juu ya kochi."

"Niliogopa, ndiyo. Wewe hujawahi kuogopa mtu unayempenda?" Alinyoosha khanga magotini. "Hii uliyonitengenezea ni picha, baba. Picha nzuri sana. Lakini nikiitazama nazidi kuumwa. Mtu kwao. Hukuniuliza siku ile uliponileta. Basi leo niulize."

Wilbert alikaa kitandani karibu naye.

"Unataka kwenda, mama?"

"Nataka."

Alimpeleka Alhamisi. Barabara ilipoanza kuteremka na ziwa likajitokeza, bluu mpaka lilipogusa mbingu, Klementina alishusha kioo cha gari, akavuta pumzi, akakiacha wazi mpaka walipofika. Hakungoja salamu za Wema wala chai. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye maji, akaingia na viatu, khanga ikamwelea kiunoni. Alisimama mahali ambapo zamani palikuwa uani kwao, akanawa uso, akanywa kiganja kimoja. Wilbert alibaki ufukweni na godoro kichwani. Alitaka kumwita arudi. Alitaka pia kuvua viatu amfuate. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, maana kesho yake alikuwa na madirisha ya watu ya kufunga.

Sasa imepita miaka miwili. Tangi bado liko Misunkumilo, na mlio wake haujakatika. Samaki wamezaliana, jike hubeba wanawe mdomoni wiki nyingi bila kula, na Wilbert hupiga simu Ikola kutoa taarifa zao kama za wajukuu. Na kila mwezi, bila kukosa, hupakia madumu garini na kwenda ziwani, eti kuchukua maji ya samaki. Maji ya bomba yaliyotiwa makombe ya konokono ili yafanane na ya ziwa yangetosha kabisa. Samaki wameyazoea zamani. Tereza anajua. Hakuwahi kumwambia. Kazi yake ni kumtolea madumu yaliyooshwa, na mara nyingine kuongeza moja.

Safari ya mwisho, Klementina alikaa juu ya jiwe akimtazama akijaza. Wilbert alilikandamiza dumu la mwisho majini, mapovu yakatoka, yakaisha. Alikuwa anatafuta mfuniko.

"Hilo bado halijajaa," mama yake alisema.

Wilbert aliliangalia. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Akalimwaga lote, akalilaza tena majini, polepole.