Nguo za Nyambizi Nilizozifukiza Udi

Mwanangu hufanya kazi chini ya bahari, ndani ya nyambizi. Mimi hufanya kazi Arlington, huku Marekani, kuwaogesha wazee wa watu. Tangu babake afariki tumebaki wawili tu. Nalisema hili mapema ili mtu ajue kwamba sina mwengine wa kugombana naye wala wa kupatana naye.

Mara ya kwanza alipokuja likizo alifungua begi lake sebuleni, hapa Annandale, na yarabi toba! Ilitoka harufu ya mafuta ya mashine, mafuta ya kukaangia na jasho la wanaume, vyote vimevundikwa pamoja. Nilizifua zile ovaroli zake za buluu mara tatu. Harufu ikakaa pale pale, haina hata haya.

"Ni nyambizi hiyo, Mama," akanambia. "Wote twanuka hivyo, hata hatu-notice."

Nikamuuliza huko chini kukoje, joto au baridi. Akacheka. Akanieleza kwamba wanaokaa kwenye injini hutokwa jasho mpaka wakafungua ovaroli na kuzifunga mikono kiunoni. Kazi yake yeye iko kwenye chumba cha kompyuta, na kompyuta zile hupoozwa saa zote, basi mtu hukaa mle vidole vikamfa ganzi. Ovaroli yenyewe nyembamba. Viatu ni raba. Na pahali pa kuweka nguo ni kisanduku chini ya kitanda, hakizidi droo ya kabati langu la jikoni.

Basi nikamnunulia fulana mbili nene za ndani, na sweta la sufi. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini kwetu Mombasa nguo ya safari haiondoki hivi hivi. Hufukizwa udi. Mama yangu alinifanyia mimi, na nyanya yangu alimfanyia yeye. Siku ya kuondoka, mwanangu akiwa bafuni, nilikivisha mfuko kile kidude cha darini kinacholia kikisikia moshi. Nikawasha makaa, nikaweka chetezo chini ya kiti, nikatandaza juu yake ovaroli, fulana, sweta, hata soksi. Udi niliutia kama wa harusi. Nikakunja, nikafunga begi. Nilifurahi, wallahi. Nilijiona mama hasa.

Miezi mitatu ikapita. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikaa kwenye kochi bila kuvua koti.

Yaliyotokea alinisimulia kwa Kiingereza, taratibu, bila kuniangalia. Siku ya pili chini ya maji alifungua begi, na mwenzake wa kitanda cha juu akanusa moshi. Ndani ya nyambizi harufu ya moshi haina mjadala. Waliolala waliamshwa, wakavaa barakoa za hewa, wakautafuta moto kila pembe, mpaka wakafika kwenye kisanduku chake. Mkubwa wake akamwamuru azifunge nguo zote kwenye mifuko ya plastiki, asizifungue tena mpaka nchi kavu. Ovaroli aliazimwa. Sweta na fulana hakuna aliyekuwa na ya ziada. Akakaa miezi ile kwenye chumba kile akitetemeka, na wenzake wakipita wanaziba pua na kucheka.

"Mama, ulijua moshi ni moshi," akasema, sasa kwa Kiswahili, ndipo nikajua amekasirika kweli. "Hata hapa nyumbani ulikivisha mfuko. Nilikiona nilipotoka bafuni."

Nililia. Yeye akainuka akaenda kuoga.

Mwenzangu wa kazini, nesi, Mkenya wa bara, huniambia, "Wacha stress, mum. Hao watoto husahau." Haya. Wake labda. Wangu likizo iliyobaki aliimalizia kwa rafiki yake Beltsville, akafungasha huko huko. Alikuja kuniaga mlangoni begi likiwa limeshafungwa. Niliunyosha mkono niliguse tu, akalihamishia upande wa pili.

"Umechukua nguo za joto, baba?"

"I'm good," akasema, akashuka ngazi.

Jana nikifagia chumba chake nilikuta mfuko wa plastiki uvunguni, umefungwa mafundo matatu. Niliukata kwa mkasi. Lilikuwa lile sweta. Nikalitia usoni, nikitafuta hata ile harufu ya mafuta na jasho niliyokuwa nikiichukia. Haikuwemo. Lilinuka udi mtupu, kama siku nilipolikunja, kwani hakulivaa hata mara moja. Naye yuko chini tena sasa, na mimi, mamake, sijui amevaa nini.