Vidudu Vilivyokula Jina Langu

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi, magazeti nayo yaliongezeka ghafla. Mama hakujua kusoma, lakini alipenda picha zilizokuwamo. Majirani waliotoka mjini walimletea ya zamani, akayabandika ukutani kwa uji mzito wa muhogo, hadi udongo wa nyumba yetu ya Sapiwi haukuonekana tena.

Baadaye vikaja vidudu vyembamba vya rangi ya fedha, vyenye mikia mitatu, vinavyoteleza kama maji ukigusa kitu. Mende tuliwapiga kwa ndala, sisimizi tukawamwagia majivu ya moto. Hivi tuliviacha. Haviumi, havinuki. Mama aliviita wapangaji wapole.

Cheti changu cha kidato cha nne baba alikificha ndani ya fremu, nyuma ya picha yao ya harusi. Sanduku la mbao hakuliamini tena, mchwa walishalitoboa.

Kampuni moja mpya ya pamba ilipotangaza nafasi za karani wa mizani, baba aliishusha fremu na kung'oa misumari. Vidudu vikamwagika mapajani mwake. Aliruka akapiga kelele, mtu mzima yule. Nikaokota cheti. Mahali pa jina langu palikuwa na tundu. Alama za Hesabu zilikwanguliwa hadi mwanga ukapenya.

"Vimekula nini?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Jina la mtoto," baba akajibu. Kisha akageuza picha. Uso wa mama haukuwepo. Ilibaki shela tu.

Mama hakuitazama picha. Aliniangalia mimi. "Ng'wanone," akaniita kwa Kisukuma, mwanangu, "ni mimi niliyevilisha."

"Mayu, mama yangu, hukujua," nikamwambia.

Alishika gazeti la ukutani kwa mikono miwili akalichana toka juu hadi chini. Ukuta ukatembea. Sina namna nyingine ya kusema. Vilikuwa mamia, na mto wangu wa kulalia ulikuwa umeegemea palepale kwa miaka mitatu.

Kesho yake nilipeleka cheti vilevile kilivyo kwenye ofisi ya kampuni. Ofisa alipokitoa kwenye bahasha, kidudu kikakimbia juu ya meza yake. Aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka.

"Dada, umeniletea nini?"

Machozi yalinitoka kabla ya maneno. Nilipomaliza kueleza, alinipa karatasi, akaniambia niandike barua ya kuomba kazi mbele yake. Niliandika, nikampa. Aliisoma mara mbili.

"Nenda shuleni kwenu, mkuu wa shule akuandikie uthibitisho. Nafasi nitakushikia wiki moja."

Barua ya mkuu wa shule niliipata, nikafanya kazi msimu mzima. Mama alibandua kila gazeti, akapaka chokaa. Hata hivyo miezi mingi nililala katikati ya chumba, na mtu akinigusa shingo kwa bahati mbaya, nilipiga kelele kama baba.